Shangazi, mume wangu anataka pesa zetu zote ziingie kwenye nyumba ya Jaywick, mie moyo unakataa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mtu wa Tanga, niko hapa Uingereza mji wa Clacton-on-Sea, pwani ya Essex. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee na mume wangu anaendesha gari la kupeleka mizigo. Tuna watoto wawili wote wako shule ya msingi hapa hapa. Karatasi zetu ni za kudumu sasa, alhamdulillah hilo limeisha. Tunakaa flati ya kupanga kwenye jumba la zamani karibu na ufukwe, naambiwa zamani lilikuwa gesti ya watu wa likizo halafu wakaligawagawa, ukuta wa chumba cha watoto una unyevu nikifuta leo wiki ijayo umerudi mweusi vilevile, na huyu mdogo kifua kinambana msimu mzima wa baridi. Sasa mwenye nyumba katwambia anataka kuuza, tuanze kutafuta pa kwenda.

Shangazi sisi tumedunduliza kwa miaka, shifti za usiku, wikiendi, sikukuu, mpaka tumefikisha pauni 78,000. Mkopo wa benki mume wangu hautaki kwa sababu ya riba na hapo niko naye kabisa, hatukulelewa kwenye hayo. Sasa kaona nyumba Jaywick, mtaa unaitwa Brooklands, vyumba viwili, inaingia mnadani wiki mbili zijazo na wanategemea kama pauni 70,000, wameandika kabisa wanunuzi wa keshi tu. Yeye anasema hii ndio riziki yetu, ardhi inakuwa yetu sio ya kukodishiwa, bahari iko hatua chache, hatudaiwi na benki wala na mtu. Na keshawapigia ndugu zake Tanga kawaambia tunanunua, mama mkwe ameshafanya dua.

Mie naogopa. Kazini kila niliyemtajia Jaywick kakunja uso. Mmoja ananiambia ndio sehemu maskini kuliko zote England, mwingine ananiambia habari za maji. Kuna bibi mmoja namhudumia, mwaka 1953 alikuwa msichana, siku namwambia akanishika mkono akasema usije ukawalaza watoto chini kule. Nimemweleza mume wangu, akaniambia mimi nasikiliza maneno ya watu wanaodharau maskini, na kwamba sisi tumezaliwa pwani tutaogopaje bahari. Nikakosa la kujibu.

Halafu kuna mwenzangu kazini, dada wa Mombasa, yeye anasema achaneni na Jaywick, chukueni loji kwenye kambi ya karavani huko karibu na St Osyth, zipo za pauni 45,000, mpya kabisa, jiko zuri, na mnabaki na pesa mkononi.

Jambo la mwisho sijui hata kama linahusika. Tuna nyumba Tanga, Kange, tuliijenga kidogo kidogo, iko kwa jina la mume wangu na mama yake ndiye anayekaa. Ejenti alituuliza hapa kama tunanunua nyumba kwa mara ya kwanza, mume wangu akajibu ndio.

Shangazi tununue tusinunue? Na kama tusinunue, namwambiaje mwanamume ambaye keshatangaza kwao?

Mama Salma, Clacton

---

Marhaba mwanangu, na poleni na hiyo flati, mtoto kubanwa kifua na ukuta mweusi si jambo la kuvumilia na nitalirudia huko chini.

La haraka kwanza. Huo mnada msiende, au mkienda mwende kuangalia tu na mikono mfukoni. Kwenye mnada wa kawaida wa nyumba hapa England nyundo ikigonga mkataba umeshafungwa pale pale, unalipa asilimia 10 siku hiyo, na zilizobaki kawaida wanakupa siku 28. Hakuna kusema nikaulize mke wangu, hakuna kusema fundi kasema sakafu imeoza, ukirudi nyuma ile asilimia 10 imekwenda na muuzaji anaweza kukudai na hasara nyingine juu yake. Kwa hiyo kila mnachotaka kukijua kuhusu ile nyumba lazima mkijue kabla, na kwa barua yako naona hamjamtuma mpima nyumba, hamjampa solisita, yaani mwanasheria wa mambo ya nyumba, makaratasi ya mnada ayasome, na hamjauliza bima. Wiki mbili hazitoshi kwa watu wanaotia kila walichonacho.

Sasa Jaywick yenyewe. Nataka niizungumze kwa heshima kwa sababu hapo mume wako ana haki, ile sehemu imetukanwa sana. Ni kweli kwenye takwimu za serikali za ufukara Jaywick ilitoka ya kwanza England nzima 2010, 2015 na 2019, na waandishi wa habari wakawa wanakwenda kupiga picha ya shimo barabarani na kurudi London. Wanaokaa kule wengi ni watu wa kawaida, wanajuana mlango kwa mlango, na wamepigania mtaa wao muda mrefu. Miaka ya 70 kaunsil, yaani halmashauri ya hapa, ilitaka kuvunja Brooklands wakagoma na mpaka leo wapo. Mimi simkatazi mtu kukaa na maskini, sisi wenyewe wengi tumetoka huko.

Tatizo langu ni ardhi na namna ile nyumba ilivyojengwa.

Jaywick ilianza mwisho wa miaka ya 20, kuna tajiri wa ardhi anaitwa Frank Stedman alinunua mashamba ya chini ya pwani akayakata viwanja vidogo vidogo akawauzia watu wa London, wengi wafanyakazi wa kawaida, wajenge vibanda vya likizo. Vya likizo mwanangu. Mtu aje kiangazi na watoto, aoge baharini, Septemba afunge arudi mjini. Vilijengwa kwa mbao na shiti nyepesi za ujenzi juu ya ardhi yenye maji, na mamlaka wenyewe hawakutaka watu wahamie moja kwa moja kwa sababu walijua ile ardhi inapata mafuriko. Vita vikaja, London ikapigwa mabomu, watu nyumba hawana, wakahamia kwenye vibanda vyao na wakabaki. Ndio Brooklands hiyo, mpaka mitaa yake ina majina ya magari ya enzi zile, Austin, Bentley, Hillman, Humber.

Nenda kasimame mtaa mmojawapo mchana utaelewa. Vinjia vyembamba, nyumba zimekaribiana mpaka mtu anasikia redio ya jirani, na ukiangalia upande wa bahari huioni bahari, unaona ukuta wa zege. Kizingiti cha mlango kiko karibu usawa wa barabara na bahari iko nyuma ya ukuta, na upande wa pili wa mtaa ni mbuga na mifereji, yaani maji yana njia mbili za kukufikia. Baba Salma anasema amezaliwa pwani, sawa, basi asimame pale wakati bahari imejaa, apande juu ya ukuta, aangalie maji upande mmoja na mapaa ya nyumba upande wa pili, halafu anipe jibu lake mwenyewe.

Huyo bibi unayemhudumia hakukutisha bure. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 bahari ya Kaskazini ilipandishwa na upepo ikavunja kingo pwani yote ya mashariki, England peke yake walikufa watu zaidi ya 300, na Jaywick ni moja ya sehemu zilizoumia kupita zote, walikufa zaidi ya 30, wengi wazee waliokuwa wamelala. Tangu hapo kingo zimejengwa upya na zinatunzwa, na tahadhari siku hizi inatolewa mapema, sisemi maji yatakuja kesho. Lakini Desemba 2013 watu wa Jaywick walihamishwa, Januari 2017 wakahamishwa tena, hiyo ya pili mpaka jeshi lilikuja kusaidia. Mara zote mbili kingo zilifanya kazi, shukrani kwa Mungu. Ila wewe una shifti za usiku na watoto wa shule ya msingi, hayo ya kugongewa mlango ubebe watoto uende kituo cha kupumzikia yaweke kwenye hesabu zako kama unavyoweka bei.

Na nyumba mpya zinazojengwa sasa hivi Jaywick jaribu kuzitazama, wanaziinua, vyumba vya kulala vinawekwa juu. Wanaojenga leo wanajua.

Tuje kwenye bima maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Kuna mpango unaitwa Flood Re, ulianza 2016, unasaidia nyumba za sehemu za mafuriko zipate bima ya bei inayolipika, unaupata kupitia kampuni ya bima ya kawaida, wewe huombi mwenyewe. Mpango huo ni wa nyumba zilizojengwa kabla ya 2009 na umepangwa kuisha 2039. Salma atakuwa mtu mzima tu wakati huo. Sasa mjiulize baada ya 2039 nani atakatia bima nyumba ya mbao nyuma ya ukuta wa bahari, na kwa bei gani, na wewe utamuuzia nani. Na hata leo, sio mafuriko tu, ujenzi wa mbao na shiti peke yake unafanya baadhi ya kampuni zikatae au zipandishe bei. Pigeni simu kabla ya kitu chochote, mtaje anuani kamili na aina ya ujenzi msifiche, muandikiwe bei. Na kwenye tovuti ya serikali kuna sehemu ya bure kabisa unaingiza poskodi, ile namba ya posta ya mtaa, inakwambia hatari ya mafuriko ya bahari, ya mto na ya mvua. Ifungueni usiku huu mkiwa pamoja, yeye ndiye aandike hiyo poskodi kwa mkono wake.

Lile neno keshi tu ambalo mume wako analiona kama neema, mimi linanitia wasiwasi. Wameandika hivyo kwa sababu benki nyingi zimeshaikataa ile nyumba, aina yake ya ujenzi hawaikopeshei. Maana yake siku mnataka kuuza, labda kazi imehamia Colchester, labda mtoto kapata shule mbali, labda mnarudi nyumbani, mnunuzi wenu ni mtu mwenye pesa taslimu tu, na watu hao ni wachache na wanajua ni wachache, watakupangia bei. Halafu kuna matengenezo. Chini ya zile nyumba kongwe kuna mbao ambazo zimekaa karibu na maji kwa miaka 80 na zaidi, ukikanyaga sakafu sehemu nyingine inabonyea, shiti za zamani zinaweza kuwa na asbesto na kuzitoa sio kazi ya fundi wa mtaani. Huwezi kuyaona haya kwa picha za ejenti, anayeyaona ni mpima nyumba, na mwambieni mnataka ile ripoti ya kina, sio ile fupi.

Piga hesabu nami. Mna 78,000. Nyumba 70,000 kama mnada hautapanda, na minada hupanda. Solisita, mpima, ada za mnada, na kodi ya stempu, ile unayoilipa serikali ukinunua nyumba, ambayo nakuja kukueleza, mnabaki na elfu chache tu za sakafu, paa, na hita. Mtakuwa hamdaiwi, kweli, lakini mtakuwa mmehama kutoka unyevu wa mtu mwingine mkaingia kwenye unyevu wenu, na akiba hamna.

Kama mngekuwa na nyumba nyingine na hizi ni pesa za pembeni, au mko wawili tu watu wazima mnaitaka sehemu kwa moyo wote na ripoti ya mpima imetoka safi na bima mnayo mkononi, nisingekuzuia. Kuna watu wanaishi Jaywick vizuri na hawataki kuondoka. Na upande wa ndani, mtaa wa Tudor kwa mfano, utakuta nyumba za matofali zilizo imara zaidi, ingawa poskodi bado uiangalie. Lakini kwa hali yenu, kila kitu mlichonacho na watoto wadogo, nasema msinunue Brooklands.

Na loji? Huyo dada wa Mombasa anawatakia mema lakini hapo nasema hapana kubwa zaidi. Loji ya kambi ya likizo si nyumba ya kuishi. Hununui ardhi, unanunua lile banda na ruhusa ya kuliweka pale kwa miaka fulani, kila mwaka unalipa ada ya kiwanja ambayo wao ndio wanaoipandisha, kambi nyingi zinafungwa wiki kadhaa msimu wa baridi, na masharti yanasema lazima uwe na anuani nyingine ya kuishi. Wengi wanajidai wanaishi huko kimyakimya, siku wakigundulika wanatolewa na hawana pa kulalamikia. Anuani ya shule utaweka ipi, daktari je? Na thamani yake inashuka kama gari, ikifika umri fulani wanakwambia iondoe kiwanjani. Msichanganye na zile kambi za kuishi moja kwa moja ambazo zina ulinzi wa sheria ya 1983, hizo ni kitu kingine, lakini nyingi hazichukui watoto, wanataka watu wa miaka 50 kwenda juu, na ukiuza mwenye kambi anakata mpaka asilimia 10.

Basi mwende wapi. Mwanangu uko kwenye mji ambao ukitembea nusu saa kila kitu kinabadilika, na watu wetu wengi wanaujua ufukwe na duka la Kiasia tu. Clacton ya ufukweni ni mji mdogo kiumri, ulianzishwa na gati 1871 kwa ajili ya wageni. Kijiji cha zamani hasa ni Great Clacton, huko ndani, kwenye kanisa la mawe la enzi za Wanormani. Wale wazee wa zamani hawakujenga makazi yao ufukweni, walikaa juu kidogo na bahari wakaiachia kazi yake. Kuanzia hapo kwenda upande wa Little Clacton kuna nyumba za matofali za miaka ya 60 na 70, bangalo, yaani nyumba zisizo na ghorofa, na nyumba pacha, hazina sifa za kupigia picha lakini benki inazikubali, bima inazikubali, na ukitaka kuuza unauza.

Upande wa mashariki kuna Holland-on-Sea, mabangalo mengi, wastaafu wengi, kimya sana, na ufukwe wake ulikuwa unaliwa na bahari mpaka wakamwaga mchanga na mawe kwenye kilomita 5 hivi kwa pauni milioni 36, kazi ikaisha 2015. Pazuri kwa watoto. Ila ukisogea mwisho kabisa kule kwenye mbuga za Holland Haven ardhi inashuka, poskodi tena. Frinton iache, ni ya wenye uwezo, mji ambao haukuwa na baa mpaka mwaka 2000 kwa jinsi walivyokuwa wanalinda utulivu wao, bei zake ziko hivyo hivyo. Walton nyumba zipo na bei si mbaya, lakini upande wa Naze mwamba unakatika kila mwaka, na bima ya kawaida ya nyumba hailipi nyumba iliyoangukia baharini kwa mmomonyoko, watu wengi hawalijui hilo.

Flati za ufukweni mtazipata kwa bei ya kuvutia pia, kabla hamjavutika ulizeni vitu viwili tu, imebaki miaka mingapi kwenye lizi, ule mkataba wa kuimiliki flati kwa miaka maalumu, na ada ya huduma ya mwaka ni kiasi gani na ilikuwaje miaka iliyopita. Lizi ikishuka chini ya miaka 80 kuirefusha kunakuwa ghali na benki zinaanza kusita. Na yale majumba ya gesti ya zamani, kama hilo mnalokaa, paa likiharibika bili inagawanywa kwa wenye flati wote, na upepo wa chumvi hauachi paa.

Najua utaniuliza, Shangazi hizo nyumba ni zaidi ya laki mbili, sisi tuna 78,000 na riba hatutaki. Nimefika hapo. Hapa Uingereza kuna benki zinazofanya utaratibu wa ununuzi wa Kiislamu, wewe na benki mnanunua kwa ushirika, mfano wewe theluthi wao theluthi mbili, unakaa ndani unawalipa pango la sehemu yao na huku unanunua sehemu yao kidogo kidogo mpaka nyumba inakuwa yako yote. Sheria ilirekebishwa 2003 ili kodi ya stempu isitozwe mara mbili kwenye nyumba moja kupitia benki na kupitia wewe. Kawaida wanataka uwe na asilimia 20 au zaidi, kwa nyumba ya 220,000 hiyo ni 44,000, ninyi mnaweza mkaweka 60,000 na bado mkabaki na pesa ya gharama na ya dharura, kama ile ziada ya kodi nitakayokueleza haiwahusu. Nakwambia ukweli pia, hao wakopeshaji ni wachache, pango linaweza kupanda, mara nyingi inatoka ghali kidogo kuliko mkopo wa kawaida wa nyumba, wanataka kuona mishahara yenu wote wawili, na masheikh hawajakubaliana wote juu ya kila mkataba. Kwa hiyo mchukue mkataba wenyewe mpelekee sheikh mnayemwamini, msimuulize kwa maneno ya juu juu, na mtafute mshauri wa mikopo anayeujua huo utaratibu.

Sasa nyumba ya Kange. Ulisema hujui kama inahusika, inahusika sana na nimefurahi umeitaja. Kwa kodi ya stempu ya hapa, mnunuzi wa mara ya kwanza ni mtu ambaye hajawahi kumiliki nyumba popote duniani, sio England tu. Tanga ipo duniani. Hata ya urithi inaweza kuhesabiwa. Kwa hiyo mume wako si mnunuzi wa mara ya kwanza, na ule msamaha wa kodi wanaopewa wanunuzi wa mara ya kwanza hampati. Zaidi ya hapo, mtu mwenye nyumba nyingine anaponunua analipa asilimia 5 ya ziada kwenye bei yote, ndivyo ilivyo tangu 31 Oktoba 2024, na nyumba ya nje inaingia kama thamani yake, kwa sehemu anayomiliki, ni pauni 40,000 au zaidi. Ikiwa chini ya hapo ile ziada haiwahusu.

Yaani hata kwa ile ya Jaywick ya 70,000, Kange ikivuka 40,000 mnadaiwa 3,500. Kwa nyumba ya 220,000 kodi ni 1,900 bila ziada, na ikiwepo ziada ni 12,900, tofauti ya elfu 11. Kwa hiyo mwambieni ndugu Tanga atafute mthamini aliyesajiliwa aithamini ile nyumba kwa maandishi, msikadirie wenyewe. Na usije ukashauriwa kwamba andika jina lako peke yako utakwepa, kwenye ile ziada mume na mke wanaokaa pamoja wanahesabiwa kama mtu mmoja. Jibu alilompa ejenti halijaharibu kitu bado, ejenti si mtu wa kodi, ila solisita atauliza swali lile lile na kuna fomu ya kusaini, pale mseme ukweli wote wa Kange kuanzia siku ya kwanza. Kiwanja kitupu hakihesabiwi kama nyumba, lakini kama mna msingi mahali umeanza kuinuka mtajeni pia, solisita ndiye aamue.

Kuhusu hapo mnapokaa, mwenye nyumba kusema kwa mdomo anauza hakuwatoi. Kuna notisi ya maandishi, kuna muda, na mkibisha kuna mahakama. Nendeni Citizens Advice au pigeni simu Shelter, ni mashirika ya kushauri watu, ni bure, waulizeni haki zenu kwa mkataba wenu. Na huo unyevu piga picha zenye tarehe, mwandikie mwenye nyumba kwa barua pepe utaje kifua cha mtoto, asipofanya kitu kaunsil ina watu wa afya ya makazi wanakuja kukagua. Mkilazimika kupanga sehemu nyingine mwaka mmoja, pangeni Great Clacton au Holland, muijue ile sehemu msimu wa baridi kabla hamjanunua.

Sasa mume wako. Usimwambie Jaywick ni pabaya, kila ukisema hivyo anasikia unamdharau yeye na unadharau maskini wenzake, na ataishika ile nyumba kwa nguvu zaidi. Mwambie nakubaliana na wewe hatuchukui riba, nakubaliana tuwe na chetu, naomba tu kabla ya mnada tupate karatasi tatu: bei ya bima kwa maandishi, ripoti ya mpima, na maelezo ya solisita juu ya makaratasi ya mnada na ile kodi. Pesa za ripoti zitauma, ni mia kadhaa, zitoeni. Mimi nina hakika akizisoma mwenyewe hutahitaji kumshawishi. Na wakati anazisubiri mchukue siku yenu ya mapumziko mwende wote, na watoto, kuanzia Brooklands mpaka Holland kwa miguu kando ya bahari, mkirudi mpite Great Clacton.

Ya ndugu zake Tanga ni mepesi kuliko unavyoyaona. Yeye mwenyewe ndiye apige simu, si wewe, aseme wamekagua nyumba wamekuta mbao na maji, wanatafuta ya matofali. Mama mkwe ni mtu wa pwani ya Tanga, neno maji ya bahari kuingia ndani halihitaji kuelezwa mara mbili kwake. Na dua yake aliyokwishaifanya aombwe aiendeleze, maana kutafuta bado mnatafuta.

Niandikie ripoti zikitoka, hasa ile ya bima, nataka kujua wamewaandikia nini.

Shangazi